Mshale Usio na Neno

"Dada Yusta, umekula?"

Sauti ilikuwa ya Mwalimu Hemed, mkuu wa shule alikokuwa akifundisha mdogo wangu Luhaga. Nilikuwa kwenye cherehani yangu hapa Bariadi mjini, nashona sare za kwaya kwa ajili ya Pasaka. Ilikuwa Alhamisi, mchana wa jua kali. Mwalimu Hemed hakuwahi kunipigia simu kuniuliza habari ya chakula.

"Bado, mwalimu. Kuna nini?"

"Kula kwanza, dada. Ule ushibe. Halafu njoo nyumbani kwa mama. Luhaga hajisikii vizuri."

"Yuko wapi? Mpe simu niongee naye."

Nyuma ya mwalimu nilisikia wasichana wa shule wakilia, kile kilio ambacho mmoja akianza wote hufuata. Na nyuma ya kilio kulikuwa na mngurumo wa chinichini, kama lori lililosimama bila kuzimwa. Baadaye nilikuja kujua kwamba ule ulikuwa mto.

"Njoo tu, dada," akasema, akakata.

Kwetu msiba hausemwi kwenye simu. Mtu akikusihi ule kwanza, ameshakuambia. Nilizima pasi, nikakunja kitambaa, nikapiga magoti pale pale kati ya vipande vya nguo. Nilisali Baba Yetu mpaka kwenye utakalo lifanyike, ulimi ukagoma. Nilipanda pikipiki sala ikiwa nusu.

Njiani kuelekea kwetu Sapiwi mbingu zilikuwa nyeupe kwa jua. Vumbi lilipanda. Pamba ilikuwa imetoa maua na watu walikuwa wanapalilia kama kawaida. Hakukuwa na wingu hata moja. Nalitaja hilo kwa sababu ndilo lililotaka kuleta msiba wa pili.

*

Luhaga alinifuata mimi kuzaliwa. Baba yetu, mzee Constantine, alifariki tukiwa wadogo, na baba mdogo Jilala akatulea pamoja na watoto wake na ng'ombe wake. Mimi niliishia kidato cha nne nikajifunza kushona. Luhaga akaendelea, akasomea ualimu wa jiografia, akapangiwa Lagangabilili. Wenzake waliomba uhamisho kwenda mjini. Yeye aliomba kurudi kata ya nyumbani, kwenye shule iliyo ng'ambo ya mto kutoka kwetu. Watu walimcheka. Baba mdogo alisema, "Umesoma kote huko ili urudi kuvuka mchanga ule ule uliouvuka ukiwa na ndama?"

"Ndama walinifundisha njia, baba," alijibu.

Hakuoa. Alikuwa mrefu, mwenye aibu kidogo kwa watu wazima na asiye na aibu yoyote kwa watoto. Jumapili aliimba besi, akichelewa kidogo kila wimbo. Nilipomsema, aliniambia, "Mungu ananisubiri, nyie ndio mna haraka."

Kila Jumamosi alikuja kwangu mjini, kwa sababu meza yangu ya kukatia nguo ndiyo meza kubwa kuliko zote katika ukoo wetu. Aliihitaji kwa kazi yake. Nilisogeza vitambaa na yeye akatandaza karatasi za wanafunzi, moja kando ya nyingine, mpaka meza ikajaa kama nyavu zilizoanikwa.

Hayo yalikuwa mambo yake ya ramani za dhana. Aliwapa watoto maneno machache ya somo, kama mvua, wingu, joto, mto, mchanga, kisima na ziwa. Kila neno wanalizungushia duara. Kisha wanachora mshale kutoka duara moja kwenda lingine pale wanapoona kuna uhusiano, na juu ya kila mshale wanaandika neno la kueleza uhusiano huo. Joto linafanya nini kwa ziwa? Mvua inafanya nini kwa mchanga? Somo lenyewe hufundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo maduara yalikuwa ya Kiingereza. Mishale aliwaruhusu waiandike kwa lugha yoyote, hata Kisukuma.

"Duara kila mtu analo," aliniambia. "Wanakariri wakiwa wamelala. Bibi yetu alijua sala za Kilatini zote na hakujua hata moja inasema nini. Mimi nasahihisha mishale."

Mwalimu Hemed ni mtu wa Tanga, na walitaniana tangu walipojuana. Aliwahi kumkuta Luhaga dukani kwangu, akapiga makofi na kumwita kama waitwavyo wanaume wa Kisukuma.

"Ngosha, Baraza la Mitihani haliulizi mishale."

"Mkuu, ndiyo maana watoto wanafaulu na bado hawajui kitu."

"Wafaulu kwanza. Kujua watajua wakiwa wakubwa."

"Kama watafika," akasema Luhaga. Akacheka, na mimi nikacheka nao. Sasa nikiwa peke yangu dukani huisikia ile kauli tena, bila kicheko.

Siku moja aliniwekea mbele karatasi ya msichana mmoja wa kidato cha tatu, Felisita. "Huyu kwenye mtihani wa mwezi hakukosa swali," akasema. "Tazama mshale wake kutoka mvua kwenda mto."

Niliutazama. Mstari ulikuwa umenyooka vizuri, wa rula. Juu yake hapakuwa na neno.

"Kasahau?"

"Nilimuuliza. Akasema, 'Mwalimu, najua vinahusiana, sijui vinahusianaje.' Dada, sijawahi kupata jibu la kweli namna hiyo kwenye mtihani wowote." Kisha akaacha kutabasamu. Akapitisha kidole kwenye karatasi zote, meza nzima. "Lakini ona na hili. Darasa zima wamechora mvua moja tu, ile inayonyesha juu ya paa lao. Hakuna hata mmoja aliyechora mvua ya mbali. Kwao mto unajaa wakiwa wamelowa wao wenyewe. Kama hawajalowa, mto ni mchanga."

"Si ndivyo ilivyo?"

"Mto wetu unatoka wapi, Yusta?"

Nikanyoosha mkono kuelekea mashariki.

"Na huko mvua ikinyesha na sisi huku jua linawaka?"

Nimezaliwa kando ya mto ule. Karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu, nasi tunachimba vishimo humo tunasubiri maji yajikusanye. Shule nayo ilichota humo. Kila adhuhuri wasichana walishuka na ndoo katikati ya mto kutafuta maji ya kupikia.

"Nikiwauliza maana ya mafuriko wananiimbia," alisema. "Halafu wanashuka mtoni na ndoo." Alikunja karatasi ile ya Felisita peke yake, akaitia mfuko wa shati.

Na mimi alinipima. Alinipa maneno yale yale na nafasi ya kuongeza neno langu mwenyewe. Nikaongeza Mungu, nikamweka juu, nikachora mishale kutoka kwake kwenda kila mahali.

"Sasa umeniambia nini?" akaniuliza.

"Ukweli."

"Sikatai. Lakini mishale yako haina maneno. Mungu anaufanyia nini mto?"

Nilifikiri sana, mkasi mkononi. Mwishoni nikaandika "anajua" juu ya kila mshale. Luhaga akasoma, akatikisa kichwa polepole. "Hapo nakupa nusu," akasema.

*

Wapo wanafunzi ambao neno lao la kuongeza lilikuwa mganga wa mvua. Luhaga hakulikata. Jirani yetu, bibi Ng'washi, nyumba yake imetenganishwa na yetu kwa ua wa minyaa tu, na baba yake marehemu alikuwa mtu wa mvua aliyeitwa hata na watu wa mbali. Bibi mwenyewe hakurithi kitu zaidi ya jina hilo. Anaishi peke yake na kuku wake. Kwetu sisi ni bibi, na bibi na mjukuu hutaniana bila mpaka.

"Mwangaluka, mayu," Luhaga alimsalimu kwa Kisukuma asubuhi moja juu ya ua. "Wanafunzi wangu wamekuweka kwenye mzunguko wa maji."

"Wameniweka wapi? Juu na mawingu, au chini na vyura?"

"Juu, mayu."

"Waambie wanishushe. Mgongo unaniuma."

Tuliokuwa uani tulicheka mpaka mama akamwaga uji. Tangu hapo bibi alimwita Mwalimu wa Vyura. Luhaga akazoea kusimama kingoni mwa mto kila jioni akiangalia mashariki, na siku moja, watu wengi wakiwa wanachota maji, bibi akamwambia kwa sauti, "We mwalimu, unautazama mto huu kama unataka kuuoa. Ipo siku utakuchukua."

"Ukinichukua utalia, mayu?"

"Nitacheka kwanza. Halafu ndiyo nilie."

Watu wakaangua kicheko. Wote waliokuwa pale walicheka, na wote waliyakumbuka maneno hayo.

*

Yaliyotokea niliambiwa na Felisita mwenyewe. Wasichana walikuwa watano mtoni. Hakuna aliyelowa, jua lilikuwa utosini. Luhaga alikuwa darasani, akatoka ghafla. Wanaosema alisikia kitu wako wengi, na Mwalimu Hemed anasema alinusa kitu, harufu ya nyasi na samadi ya ng'ombe. Alikimbia mpaka kingoni akapiga kelele watoke. Wanne walitupa ndoo wakapanda. Felisita alikuwa ndani ya kisima, kile kishimo kirefu cha kuinama, na masikio yake yalikuwa chini ya usawa wa mchanga.

"Nilimwona juu yangu," aliniambia. "Akanishika hapa." Akanionyesha mkono, palipokuwa na alama. "Alinirusha, dada. Mwalimu hakuwahi kumgusa mtu. Nilianguka kwenye majani, nikageuka, mchanga haukuwepo."

Walimkuta kwenye kona ya chini, amekwama katika mizizi ya mti ulioanguka zamani. Walimwona na hawakuweza kumfikia. Ndiyo saa Mwalimu Hemed aliponipigia simu kuniuliza kama nimekula. Alikuwa amesimama akimtazama.

*

Mwili ulipelekwa chumba cha maiti Bariadi na mazishi yakapangwa Jumamosi. Nyumbani kukafungwa turubai. Mto ulishuka haraka kama ulivyokuja, ukabaki mchanga wenye unyevunyevu na ndoo moja ya njano iliyozikwa nusu. Lakini sauti yake haikuondoka nyumbani kwetu. Mama yangu, Milembe, hakutaka maji yamiminwe. Mtu akiinua dumu, mama alishtuka akaushika ukuta. Basi tukachota kwa kikombe, polepole, tukiyatelemsha ukingoni mwa sufuria ili yasiseme kitu. Wanawake wote walipika hivyo, bila kuambizana.

Nilipolala kidogo mchana, nilisikia karatasi zikitandazwa mezani. Niliamka nikakumbuka kwamba meza ya kukatia iko mjini.

Ijumaa ndipo maneno yalipoanza upande wa wanaume. Jua lilikuwa linawaka, mto umetoka wapi? Nani alisema utamchukua? Nani alisema atacheka? Aliyeongea zaidi ni Sayi, mtoto wa baba mdogo Jilala. Alikuwa machungani huko mashariki na ng'ombe wa baba yake, akarudi mbio kwa ajili ya msiba, magoti yake bado yana tope kavu. Alimpenda Luhaga. Walilala ngozi moja utotoni.

"Mto haujiendei wenyewe," Sayi alisema. "Umetumwa."

Baba mdogo hakumkanya. Alisema tu, "Hatuwezi kuzika kabla hili halijakaa sawa." Na vijana waliokuwa wamekaa wakaanza kusimama mmoja mmoja, na kutazama ua wa minyaa.

Ng'ambo ya ua hakukuwa na moshi. Tangu siku ya msiba bibi Ng'washi hakuwasha moto. Hakuja kulia, na kwetu jirani asiyekuja kulia amejihukumu. Lakini mimi nilijua kwa nini hakuja. Wanawake wazee wa kwetu wanajua kutafsiri ukimya wa majirani; wameona wenzao wakiuawa kwa kuitwa wachawi. Nilikaa kwenye mkeka karibu na mama, nikasikia yale maneno ya wanaume, na ndani yangu kitu kikapata joto. Nilitaka awe yeye. Ningekuwa na mtu wa kumchukia, na ile sauti ya maji ingepata mwenyewe. Nilishika rozari na matendo ya uchungu yalipita vidoleni bila mimi kuwemo. Nikamwambia Mungu, kama anajua, basi aseme.

Jumamosi asubuhi gari lilikwenda kuleta mwili. Wanafunzi walifika na Mwalimu Hemed, wamevaa sare, wamepanga mstari. Mwalimu alitoa rambirambi, akamtaja Luhaga kwa mema yake, kisha akayasikia yale manong'ono. Akawa mkali.

"Wazee wangu, mvua ilinyesha mbali. Hayo mengine ni ujinga."

Lilikuwa kosa kulitumia neno hilo uani kwa watu. Sayi akainuka. "Mwalimu, wewe ni wa huko baharini. Mto huu umeujua lini? Kaa, unywe chai."

Watu wakacheka, kicheko kibaya. Mwalimu akakaa. Sayi akashika fimbo yake ya kuchungia, na vijana watano au sita wakamfuata kuelekea ua.

Felisita akatoka kwenye mstari.

Alivunja kijiti kwenye kuni, akachuchumaa katikati ya uwanja tuliokuwa tumeufagia alfajiri kwa ajili ya jeneza, akaanza kuchora. Alichora duara, akaandika. Akachora jingine. Wanafunzi wenzake wakamzunguka bila kuitwa, na vijana wakasimama kidogo waone mtoto huyu anafanya nini. Mimi niliinuka kwenye mkeka. Nilikuwa najua anachofanya kabla hajamaliza. Alikunja kiwiko kama Luhaga, na alifuta kwa kisigino kama Luhaga.

"Hapa ni mvua," akasema. "Hapa ni mto. Hapa ni sisi. Hapa ni Mwalimu Luhaga." Akachora mshale kutoka mvua kwenda mto, akaacha. "Mwalimu alikuwa hatuambii. Alikuwa anatuuliza neno la mshale." Akainua uso. "Kaka Sayi, shikamoo. Wewe ulikuwa wapi kabla ya siku ile?"

"Marahaba. Machungani. Kila mtu anajua."

"Upande gani?"

"Mashariki. Mbali."

Felisita akachora duara mbali kabisa, karibu na miguu ya mama, akaandika mashariki. "Huko kulikuwaje?"

"Kulikuwaje nini? Mvua. Ilinyesha usiku kucha. Tulilala tumesimama. Ndama mmoja tulimvuta kwa kamba kwenye tope."

"Alinipigia simu," baba mdogo Jilala akasema kutoka kwenye kiti chake. "Asubuhi ile ile. Nilimwambia awatoe bondeni."

"Kwa nini bondeni, guku?" Felisita akamuuliza, akimwita babu.

"Kwa sababu maji yanashuka bondeni. Mtoto gani huyu?"

"Na bonde linakwenda wapi?"

Sayi alikuwa anatazama duara lile la mbali, kisha akatazama magoti yake, lile tope. Felisita akamnyooshea kijiti. Sayi hakukipokea. Alishusha fimbo yake ya ng'ombe, akaiweka ncha kwenye duara la mashariki, na akaivuta ardhini polepole, akipita kati ya miguu ya watu waliosogea kumpisha, mpaka ikafika kwenye duara la mto. Akasimama pale.

"Linakuja huku," akasema.

Alikuwa amesimama ndani ya mvua ile mwili mzima. Baba yake aliisikia kwenye simu. Wote wawili walikuwa na maduara yote, tangu mwanzo.

Nilidhani yamekwisha. Lakini baba mdogo ni mtu wa kumaliza hesabu. Alisimama, akaja, akaelekeza kidole chini. "Sawa. Mvua imeleta mto. Na hapa?" Alionyesha nafasi kati ya mto na duara ambalo Felisita alikuwa ameliandika Mwalimu, dogo kuliko yote. "Mwalimu aliujua mto kuliko ninyi wote. Alikuwa juu, pakavu. Nani alimwingiza?"

Felisita akachora ule mshale.

"Mimi," akasema. "Nilikuwa kwenye kisima. Kama mnamtafuta mtu, ni mimi. Mwacheni bibi."

Hapo niliusikia tena ule mngurumo. Ilikuwa gari la mwili, linaingia njia ya kwetu.

Mama alikuwa hajasimama tangu Alhamisi. Alisimama. Alipita katikati ya wanaume, akikanyaga mchoro bila kuutazama, akamshika Felisita mkono ule ule wenye alama. "Njoo ukae, ng'wanawane, mwanangu," akamwambia. Akamkalisha mkekani kati yake na mimi, mahali pa mtoto wa nyumba.

Baba mdogo akamwambia Sayi, bila kumtazama, "Iache fimbo. Nenda kamwite mayu Ng'washi. Mwambie hatuziki jirani hayupo."

Sayi akaegemeza fimbo ukutani, akazunguka ua. Tulisikia akibisha, akisema, "Mwangaluka, mayu," mara nyingi, kwa sauti ya chini. Mlango ulichelewa sana kufunguka.

*

Tulimzika kando ya baba, mwisho wa shamba la pamba. Jeneza lilipita uwanjani juu ya mchoro, na miguu ya watu ikaufuta. Padre Rogasian alisoma Injili ya Lazaro. Kwaya iliimba, na besi haikuchelewa. Kati ya wimbo na wimbo sikuacha kufikiri juu ya ule mshale wangu mwenyewe, kutoka kwa Mungu kwenda mtoni. Anajua. Hilo bado naliamini. Luhaga alinipa nusu kwa jibu hilo, na sijapata nusu iliyobaki. Nasali hivyo hivyo, nikiwa na nusu hiyo.

Walipolishusha jeneza, mama alitupa udongo kwanza, kisha baba mdogo, kisha mimi. Felisita alitupa baada yangu. Watu wakampisha bibi Ng'washi, aliyekuja akiwa ameshikwa mkono na Sayi. Aliinama kwa shida, akachukua udongo, akaushika.

"Mwalimu wa Vyura," akasema, "nilikuambia nitacheka kwanza. Nimeshindwa." Akauachia udongo.

Vijana walichukua majembe, Sayi akiwa wa kwanza, wakafukia mpaka tuta likainuka. Msalaba ukasimikwa, umeandikwa jina lake na la baba. Wanafunzi waliweka maua ya porini. Mbingu zilikuwa wazi, na padre alipotoa baraka niliona watu wengi wameelekeza nyuso zao mashariki. Tulirudi nyumbani kwa kufuatana. Mlangoni kulikuwa na beseni na dumu la maji ya kunawa. Mama alinyoosha mikono. Felisita aliinua dumu, akasita, akamtazama.

"Mimina," mama akasema.

Maji yakamwagika kwa sauti yake yote. Mama akanawa, akapangusa mikono kwenye khanga, na tukaingia kula.